Damu Ilikwenda Wapi? Mumiani wa Uluguru na Somo la Tishu

Mwanafunzi wa baiolojia katika sekondari ya wasichana ya Kilakala, pale Morogoro mjini ambako mitaa inaanza kuusogelea mlima Uluguru, hufundishwa kwamba mwili wa binadamu umejengwa kwa aina kuu nne za tishu: zinazofunika na kutanda juu ya viungo, zinazounganisha, misuli, na neva. Akifika kwenye tishu unganishi anakuta mfupa, gegedu, mafuta, kano, na pamoja nazo damu. Damu kuwekwa fungu moja na mfupa huwashangaza wengi, lakini sababu ipo. Tishu unganishi hujulikana kwa seli zake kukaa mbalimbali, zimetawanyika ndani ya kitu ambacho chenyewe si seli. Kwenye mfupa kitu hicho kimejaa madini na kimekuwa kigumu. Kwenye damu ni majimaji, yaani plazma, nayo ni zaidi kidogo ya nusu ya damu yote. Mtu mzima hubeba kiasi cha lita 5 za tishu hiyo. Kwa anayeitazama kihistoria, sifa yake kubwa ni kwamba inahamishika. Inatoka kwa tundu la sindano, inatiwa kwenye chupa, inapelekwa mbali, na mwenyewe anarudi nyumbani kwa miguu yake bila kujua imefikia wapi. Jambo hilo dogo la kimaumbile lina mkono wake katika mojawapo ya hofu zilizodumu sana Afrika Mashariki, na milima inayotazamana na Kilakala ni miongoni mwa mahali ambapo hofu hiyo imechunguzwa kwa makini zaidi.

Katika Uluguru ya enzi ya Mwingereza ilisemwa kwamba wako watu, Wazungu au waliotumwa na Wazungu, wanaovizia wapita njia usiku, wakawakamata na kuwatoa damu ili itengenezwe dawa. Waliitwa mumiani, na pia chinjachinja. Peter Pels, mwanaanthropolojia wa Kiholanzi aliyefanya utafiti kwa Waluguru, aliandika kwa kirefu juu ya masimulizi hayo. Luise White, mwanahistoria wa Kimarekani, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 2000 kwamba habari za namna hiyo zilienea kote: Nairobi na Kampala walitajwa wazimamoto, Rhodesia ya Kaskazini banyama, na kule Katanga, kwenye Kiswahili cha migodini, batumbula. Serikali za kikoloni nazo zilizijua. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ilieleza kwamba mumiani ni dawa nyeusi inayofanana na gundi, iletwayo kutoka ng'ambo kwa ajili ya mifupa iliyovunjika na maumivu, ila watu wengi wanaamini ni damu ya binadamu. Na mwaka 1946 E. C. Baker aliandika makala fupi kuhusu mumiani katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Kwa wengi walioandika wakati ule, jambo lote lilitiwa kapu la ushirikina: watu wasioijua sayansi ya mwili wametishwa na sindano. Mimi naona vingine. Uvumi ulikosea kuhusu nani anachukua na anachukuaje, na makosa hayo yameua watu, nitayarudia. Swali lililokuwa ndani yake, hata hivyo, lilikuwa swali la haki: kilichotoka mwilini mwangu kimekwenda wapi, kinamfaa nani, na nani aliruhusu? Mkoloni hakulijibu. Jamhuri yenyewe ilichukua karibu nusu karne kulitungia sheria.

Kwanza tuondoe dhana kwamba dawa itokanayo na mwili wa mtu ni ndoto ya watu wa milimani. Katika Ulaya ya karne ya 16 na ya 17 maduka ya dawa yaliuza unga wa maiti zilizokaushwa kutoka Misri, na wagonjwa waliumeza ili kutibu michubuko na kuvuja damu ndani kwa ndani. Madaktari waliosoma vyuo vikuu ndio walioandika cheti. India nako, William Crooke aliandika mwishoni mwa karne ya 19 juu ya hofu ya wenyeji kwamba Wazungu hukamata vijana ili wawatoe dawa ya jina linalokaribia kabisa mumiani. Pels ameifuata njia hiyo, na nadhani yuko sahihi: pwani yetu, iliyofanya biashara na Uajemi na India kwa karne nyingi, iliipokea dawa pamoja na hofu yake, halafu misafara ikavipandisha vyote bara. Kwa hiyo aliyesema Matombo au Mgeta kwamba mwili wa mtu unaweza kuuzwa dukani kama dawa hakuwa anabuni. Alikuwa amechelewa kupata habari kwa karne mbili hivi.

Lakini nchi hii haikuhitaji kuazima kila kitu. Damu ilikuwa na kazi yake ya kisheria hapa kabla ya zahanati ya kwanza. Katika undugu wa kuchanjiana watu wawili walichanjwa, mara nyingi kifuani au mkononi, kila mmoja akala kitu kilichopakwa damu ya mwenzake, huku msemaji akitaja viapo na laana zitakazomwangukia atakayevunja. Toka siku hiyo walidaiana ulinzi, chakula na njia salama, na misafara ya karne ya 19 iliutegemea sana undugu huo kupita nchi za watu. Novemba 1884 Mjerumani Carl Peters alipita Nguru na Usagara akikusanya mikataba. Zana zake zilikuwa kinywaji, zawadi, bendera na, kwa baadhi ya watawala, kuchanjiana. Hatumsingizii, maana yeye mwenyewe ndiye aliyeyaandika hayo, tena kwa majivuno. Mkataba wake na Mangungo wa Msovero, katika Kilosa ya leo, una tarehe 29 Novemba 1884. Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari Wilhelm I alitoa hati ya ulinzi juu ya Usagara, Nguru, Useguha na Ukami. Ukami ndiyo nchi ambayo mji wa Morogoro umo. Kwa mtawala aliyechanjwa, damu ilikuwa imewafunga wote wawili, na mgeni alikuwa amebeba deni sawa na lake. Kwa upande wa Peters damu ilikuwa sherehe ya kupitisha karatasi. Karatasi ilikwenda Berlin, na deni likabaki Usagara. Sidai kwamba mzee wa Uluguru wa mwaka 1940 alikuwa akimkumbuka Peters kwa jina. Nadai kwamba damu aliyoizungumzia ilikuwa na kanuni ya kutoa na kupokea, na kwamba mgeni wa Kijerumani aliyeigusa kanuni hiyo katika mkoa huu aliivunja.

Ushahidi ninaouona mzito kuliko wote ni sindano yenyewe. Kama watu waliogopa kwa sababu hawakuielewa tiba ya kisasa, wangeikimbia sindano ya kila namna. Hawakuikimbia. Miaka ya 1920 tiba ya buba kwa sindano ilipofika Tanganyika watu waliifuata kwa makundi, kwa sababu vidonda vilikauka mbele ya macho yao katika siku chache, na punde wakaanza kudai sindano hata kwa maradhi ambayo dawa ile haiyatibu. Sindano ya buba ilitia. Vipimo vya malale na malaria vilitoa, na hapo ndipo minong'ono ilipoanzia. Mwenye akili ya kutofautisha sindano inayotia na sindano inayotoa hawezi kuitwa mtu aliyetishwa na chuma tu.

Itazame kazi ya kutoa kwa karibu. Mpimaji hushika kidole cha pete cha mkono wa kushoto, hukipangusa kwa spiriti, hukiacha kikauke, kisha hukidunga pembeni ya ncha. Sindano hupita kwanza kwenye epithelia ya ngozi, ambayo ni tabaka za seli zilizobanana zisizo na mishipa ya damu, ndiyo maana mkwaruzo wa juujuu hautoi damu. Chini yake hukuta tishu unganishi, na ndani ya hiyo hutoboa kapilari ambazo ukuta wake una unene wa seli moja. Tone la kwanza hufutwa kwa pamba. La pili hupokelewa kwenye kioo, hutandazwa, hukaushwa, na baadaye hutiwa rangi ya Giemsa ili vimelea vionekane kwenye hadubini. Anayedungwa huziona hatua zote hizo. Asichokiona ni kinachofuata: vioo vinapangwa ndani ya kisanduku, kisanduku kinafungwa, gari linaondoka. Majibu yalirudi kwa daktari, au yakaishia kwenye ripoti ya mwaka ya idara, iliyoandikwa kwa Kiingereza. Mtu aliambiwa aje, anyooshe mkono, aende. Katika utaratibu kama huo uvumi hauhitaji mwongo wa kuuanzisha. Pengo la maelezo linatosha.

Na kweli damu ilisafiri. Mwaka 1937 virusi wa West Nile walipatikana kwenye damu ya mwanamke mwenye homa huko Omogo, kaskazini mwa Uganda. Jina la wilaya yake likaingia katika vitabu vya tiba vya dunia nzima, la kwake halikuingia. Mwaka 1952 homa ya kukunja viungo ilizuka Newala, kwenye uwanda wa Makonde. Damu ya wagonjwa ilipelekwa kwenye maabara ya virusi ya Entebbe, ambako mwaka 1953 mtaalamu R. W. Ross alitenga kirusi cha chikungunya. Hiyo ilikuwa sayansi ya maana sana, na leo hii mgonjwa wa chikungunya wa Mombasa au wa Brazil anafaidi kazi iliyoanzia hapo. Ila tukiitazama kutoka Newala ramani yake ni ileile ya mumiani: wageni wamekuja kwa gari, wamechukua damu ya wagonjwa, wameivusha mpaka, na imekwisha kazi katika nyumba ambayo hakuna mwanakijiji aliyewahi kuingia.

Tishu ngumu zilitangulia kusafiri kabla ya damu. Wakati wa Mjerumani mafuvu ya watu yalikusanywa kutoka Afrika Mashariki yakapelekwa Berlin, kwa ajili ya nadharia za rangi na mbari ambazo sayansi imekwisha kuzitupa. Fuvu la Mkwawa, aliyekufa 1898, lilikuwa jambo zito kiasi cha kutajwa katika Mkataba wa Versailles, na lilirudishwa Kalenga mwaka 1954 na Gavana Twining. Hilo lilikuwa moja. Mkusanyo uliofanyiwa uchunguzi Berlin katika miaka ya karibuni ulikuwa na mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, mengi ya Rwanda, na kama 200 ya Tanzania. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba vinasaba vya baadhi ya mafuvu vimelingana na vya familia za Kilimanjaro ambazo wazee wao walinyongwa na Wajerumani mwaka 1900 pamoja na Mangi Meli. Ili kulinganisha, wajukuu walitoa mate, ambayo ndani yake mna seli zilizobanduka kwenye utando laini wa mashavu. Utando wa mjukuu ukathibitisha mfupa wa babu. Nani, kwa ushahidi wa namna hiyo, angemwambia bibi wa Kichaga au wa Kiluguru kwamba hadithi za wageni wanaochukua miili ya watu ni upuuzi mtupu?

Wala tusidhani kwamba wenye nguvu walichukua tishu za watu Afrika pekee. Mwaka 1951, Baltimore, Marekani, madaktari walichukua kipande cha uvimbe kwenye mlango wa kizazi wa Henrietta Lacks, mama mweusi aliyekuwa akitibiwa saratani, bila kumwomba ruhusa. Seli zake za epithelia ziliendelea kuzaana maabara baada ya yeye kufa, zikasambazwa na kuuzwa duniani kote kwa jina la HeLa, na mwaka 2023 familia yake ilifikia maafikiano na kampuni moja iliyofaidika nazo. Miaka ileile ambayo Uluguru ilikuwa ikinong'ona juu ya mumiani, hospitali yenye sifa kubwa ilikuwa ikifanya, kwa nia ya kitabibu, jambo ambalo minong'ono ile ingelitambua mara moja.

Yapo mapingamizi mawili ya maana. La kwanza ni la wasomi wanaosema kwamba mumiani haikuhusu damu hasa. Ilikuwa namna ya kusema juu ya jasho, kodi na kazi ya shuruti. Uluguru inawapa mfano mzuri: serikali iliwalazimisha watu kulima matuta milimani, na mwaka 1955 upinzani ulilipuka, polisi wakafyatua risasi huko Matombo. Baadaye siasa za TANU zilimwita tajiri mnyonyaji na kumchora kama kupe, na kila mtu akaelewa bila kufafanuliwa. Nakubali kwamba lugha ya kunyonya ilibeba mambo ya uchumi. Ila tafsiri hiyo inaiacha damu haraka mno. Kama lilikuwa fumbo la kodi tu, kwa nini waliosakamwa mara kwa mara walikuwa watu wa magari ya dharura, wapimaji na watafiti, kuliko karani wa kodi, ambaye kila mtu alimjua na kumchukia waziwazi? Watu walipotaka kulalamikia kodi walilalamikia kodi. Walipotaja damu, tuwape heshima ya kuamini kwamba walimaanisha damu.

La pili ni zito zaidi, na sina jibu la kulimaliza. Uvumi huu unaua. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilayani Chamwino, Dodoma, watafiti wa kilimo kutoka kituo cha Selian, Arusha, walikwenda kuchukua sampuli za udongo. Ikasemwa ni wanyonya damu, umati ukakusanyika, watu watatu wakauawa na gari likachomwa moto. Mwaka uliofuata watu kadhaa waliuawa kusini mwa Malawi kwa tuhuma za namna hiyohiyo, hata Umoja wa Mataifa ukaondoa wafanyakazi wake katika wilaya mbili. Anayeitetea hofu ya mumiani lazima awatazame marehemu hao usoni. Sitetei mauaji, wala sisemi kwamba swali la haki linahalalisha jibu la kinyama. Nasema kitu chembamba zaidi: kwa miaka themanini dawa iliyotolewa ilikuwa ileile, kuwaambia watu waache ujinga, na haikufanya kazi. Mtu anayeona mgeni akifunga udongo kwenye mifuko yenye namba, bila kuambiwa unakwenda wapi, anarudishwa palepale walipokuwa babu zake mbele ya kisanduku cha vioo. Elimu ya tishu peke yake haimtoi hapo.

Kilakala ni mahali pazuri pa kuyapima haya, kwa sababu ni shule iliyoanzishwa kwa imani kubwa katika elimu hiyo. Masista wa Maryknoll, Wamarekani, ndio walioifungua katika miaka ya 1950 kwa jina la Marian College, wakati sekondari za wasichana Tanganyika zilikuwa za kuhesabika kwa vidole. Baada ya Sheria ya Elimu ya 1969 serikali ilizichukua shule za mashirika, nayo ikawa Kilakala, kisha ikaingia katika orodha fupi ya shule za vipaji maalumu pamoja na Ilboru, Kibaha, Msalato na jirani yake Mzumbe. Mtaala wa sayansi uliofuatwa tangu mwanzo ulifundisha damu kama kitu: seli nyekundu, seli nyeupe, chembe sahani, plazma. Haukufundisha damu kama kitu kilichowahi kuchukuliwa. Msichana aliyetoka kijiji cha Uluguru aliingia darasani akiwa na historia moja ya damu, akapewa nyingine kwa Kiingereza, na hakuna aliyezikutanisha. Kila moja ikaishi upande wake wa geti.

Zilikutana baadaye kwa mlango wa nyuma, katika uchangiaji wa damu. Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulipoanza katikati ya miaka ya 2000, nchi ilikuwa ikitegemea ndugu wa mgonjwa kuchangia wodini. Mpango ukawageukia wachangiaji wa hiari, na wanafunzi wa sekondari waliotimiza miaka 18 wakawa nguzo yake, kiasi kwamba shule zikifungwa akiba ya damu hupungua. Mfuko mmoja hupokea kama mililita 450, hupewa namba, na damu hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina B na C, na kaswende. Manung'uniko hayajaisha, na tuyasikilize vizuri: wengi siku hizi hawasemi kwamba damu inanyonywa, wanasema nilitoa bure, mbona ndugu yangu ameambiwa alipe? Bado ni swali la damu ilikwenda wapi, sasa linaulizwa dirishani hospitalini kwa sauti ya kawaida, na aliyeko ndani ya dirisha anadaiwa maelezo.

Mabadiliko ya sheria yalitoka upande wa utafiti. Kusini mwa mkoa huuhuu wa Morogoro, Ifakara, Rudolf Geigy wa Basel alijenga mwaka 1957 maabara ambayo imekua kuwa Taasisi ya Afya Ifakara, na vijiji vya bonde la Kilombero vimetoa damu nyingi kwa utafiti wa malaria, ikiwemo majaribio ya chanjo ya SPf66 miaka ya 1990. Kazi ya namna hiyo haikuweza kuendelea kwa amri ya bwana shauri. Ilihitaji mikutano ya kijiji, fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, na maelezo ya sampuli itapimwa wapi. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya 1979, hudai mkataba kabla sampuli haijavuka mpaka, na mwaka 2009 Bunge lilitunga sheria ya kudhibiti vinasaba vya binadamu, inayogusa ridhaa ya mtolewaji na usafirishaji wa sampuli nje ya nchi. Lugha yake ni ya kisheria na kavu, lakini maswali inayouliza ni yale yale: nani ameruhusu, inakwenda wapi, kwa kazi gani.

Sheria hiyo inatazama mbele. Kirusi kilichotengwa kutoka damu ya wagonjwa wa Newala mwaka 1953 bado kinakuzwa katika maabara za nje na kutajwa kwenye makala za kisayansi kwa jina la Ross, mtaalamu aliyekitenga Entebbe, na kila chupa mpya inayokuzwa kutokana nacho haina fomu ya kijiji chochote.